Neno Moja la Mama Magodoro

Kiharusi kilipompiga Mama Magodoro kilimkomba maneno yote, kama mwizi aliyekuja na lori. Jina la marehemu mumewe, majina ya wanawe, maji, njaa, choo, na yale matusi aliyokuwa bingwa wake, vyote vikaenda. Mwanamke aliyekuwa akibishana bei na muuza vitambaa mpaka mwenzake anaomba maji ya kunywa, sasa alilala chali akitazama dari, mdomo umepinda, mkono wa kulia umelala kando yake kama si wake. Akitaka kitu anaguna. Usipoelewa anaguna tena. Ukizidi kutoelewa anafumba macho, na hapo ujue umeshatukanwa.

Aliyebaki naye ni kitinda mimba wake, ambaye mtaa mzima na nyumba nzima wanamwita Chafya. Jina lake la kuzaliwa lipo, lakini hata yeye akiitwa kwa hilo huchelewa kugeuka, kwa hiyo tuliache. Dada yake ameolewa upande wa pili wa mji na ana duka la vipodozi. Kaka yao ni dereva wa malori, leo yuko huku, kesho kule. Chafya hakuolewa. Yeye alirithi kazi ya mama, na kiharusi kilipoingia akamrithi na mama mwenyewe.

Kazi yenyewe ni sufi. Chumba cha mbele ndicho karakana: magunia ya sufi yamepandana mpaka karibu na dari, fimbo ya kupigia imesimama kwenye kona, sindano ndefu zimechomekwa kwenye kipande cha sponji ukutani. Siku hizi watu wanalalia magodoro ya dukani, lakini mto wa sufi bado una wapenzi wake, na Chafya anashindilia na kushona tangu asubuhi mpaka mwanga unapomkimbia. Sufi ukiipiga inaruka. Inaingia nyweleni, kwenye chai, puani. Nyuma ya pazia ndiko kitanda cha mama, na siku nzima Chafya ni kwenda na kurudi: kumgeuza mama asipate vidonda, kumlisha, kumwosha, kumbadilisha vitambaa, kisha arudi kwenye sindano na mgongo wake unamuuma.

Sasa sikiliza. Siku moja alikuja mwalimu mmoja kuchukua mito yake. Akasimama mlangoni, sufi ikampanda puani, akapiga chafya moja ya kistaarabu, leso juu. Kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti, wazi, kavu, sauti ya mama ya siku zote:

"Afya!"

"Asante, mama," mwalimu akajibu, akaendelea kukagua mshono wa mto wake. Yeye angejuaje?

Chafya sindano ilimwingia kidoleni asiisikie. Akaruka magunia, akalivuta pazia, akapiga magoti. "Mama! Mama umesema! Sema tena, mama!"

Mama akamtazama, akaguna. Alitaka kugeuzwa.

Kabla ya jioni dada alikuwa ameshafika kwa teksi, viatu mkononi, na kaka ameacha lori lake mahali pasiporuhusiwa. Wakajazana kwenye kile chumba. Dada akasokota ncha ya leso akajitekenya pua. Chafya za dada ni mbili, ndogo, za kubana, kama za paka aliyelelewa vizuri. "Afya!" mama akasema. Dada akalia machozi, akamkumbatia, "Asante, mama, asante mama yangu mzazi." Kaka akajaribu na yeye. Yake ni ya mtu anayefunga mlango kwa hasira. "Afya!" Wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Hata dereva wa teksi akaitwa ndani achangie, akachangia, akapewa afya yake, akaenda zake anafuta pua.

Chafya hakuhitaji leso. Sufi ilikuwa inamngoja kooni kama kawaida. Na yeye zake haziji moja wala mbili, zinakuja msururu, moja inaisukuma mwenzake, mpaka macho yanamtoka. Zikaja. Wote wakamtazama mama.

Mama alikuwa anatazama dari.

"Amechoka," dada akasema. "Mmemchosha." Wakaanza kuulizana nani atalipa teksi. Chafya naye akacheka, akaenda kuchemsha maji ya kumwoshea mama.

Habari nzuri haina miguu lakini inafika. Aliyeitangaza ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mtu wa kucheza kamari za mpira, asiyeamka asubuhi bila kutafuta dalili ya bahati. Alikuja na ugoro wake kwenye karatasi, akavuta, akapiga chafya ya kutikisa vioo, akapata afya yake. Siku hiyo timu yake ikashinda. Basi! "Mwanamke aliyechungulia kaburi akarudi," akawa anawaambia wateja huku wembe uko shingoni mwao, "huyo akikuombea afya, imefika hiyo." Wakaanza kuja. Binti anayekwenda kuhojiwa kazi. Bwana anayekwenda kupasuliwa ngiri. Wanasimama mlangoni, wanavuta ugoro wa kinyozi au wanajipulizia sufi, wanapiga, "Afya!", "Asante, mama!", wanaondoka wameridhika. Hata mto hawanunui.

Ikafika hata paka. Paka wa jirani aliingiza kichwa kwenye gunia, akakitoa kimejaa sufi, akapiga chafya.

"Afya!" mama akasema.

Jamani, kuna aibu kubwa kuliko kumwonea wivu paka? Chafya alisimama pale na fimbo mkononi, akamtazama yule paka anavyojilamba. Maana kufikia hapo alikwisha kujaribu. Alijaribu asubuhi mama ameamka vizuri. Alijaribu baada ya kumwogesha, mama ananukia sabuni na macho yamelegea kwa raha. Alijaribu kwa karibu, uso kwa uso, na kwa mbali, kutoka barabarani. Kila siku ya Mungu alikuwa anapiga chafya kwa sababu ndiyo kazi yake ilivyo, na kila siku nyuma ya pazia kulikuwa kimya. Akiingia mteja akipiga moja tu, "Afya!"

Hakuwa anataka shukrani. Shukrani alikwisha kuacha kuingoja, na mwenye akili haingoji. Alitaka neno moja. Lile lile alilopewa mcheza kamari, lile lile alilopewa paka, apewe na yeye, hata mara moja, kabla mama hajafa.

Kila wiki alikuja nesi kutoka zahanati kupima presha na kukagua mgongo wa mama. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, anayependa chai ya sukari nyingi. Siku moja Chafya akamuuliza, "Nesi, hili neno linatoka wapi?"

"Ugonjwa huu unachukua maneno ya kutafuta," nesi akasema. "Yale ya mazoea, yanayomtoka mtu bila kufikiri, mara nyingine yanabaki. Nina mgonjwa amebaki na 'hodi' tu. Mwingine amebaki na tusi, tena zito, wanawe wanaona haya kuleta wageni."

"Kwa hiyo hachagui wa kumwambia?"

"Achague na nini, mdogo wangu? Ni mdomo tu, unajiendea. Kile ulichokizoea miaka na miaka ndicho unachofanya. Endelea kumfanyisha mazoezi. Neno moja linaweza kuvuta lingine."

Chafya alifurahi, ungemwona! Akamwongezea nesi sukari, akamfungia na mto wa bure. Hachagui! Ni ugonjwa! Akarudi kwenye kazi yake anaimba chini kwa chini, akashona upande mzima wa mto kabla wazo la pili halijamfikia. Na lilipofika lilikaa. Kama mama anasema kwa mazoea, na kwa kila mtu anasema, basi kwake yeye mazoea ya mama yalikuwa ni nini?

Alijitahidi kukumbuka. Hakukumbuka kitu. Akangoja Jumapili, siku ya dada.

Dada alikuja na chupa zake za mafuta, akakaa kwenye gunia, akawa anajipaka mikono. Chafya akamuuliza kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu. "Dada, zamani nilipokuwa mdogo, nikipiga chafya mama alikuwa anasema nini?"

Dada akacheka. "We, umesahau? Hakuna aliyekuwa anakujibu! Wewe hukuwa unapiga chafya, ulikuwa unanguruma kama mashine ya kusaga. Mama akasema, 'Huyu nikimjibu kila mara, godoro la watu halitaisha. Mwacheni.' Tukakuacha."

"Siku zote?"

"Siku zote. Halafu sisi tukalifanya mchezo. Anayekosea akakuambia afya, anafinywa. Mimi sikufinywa sana. Kaka ndiye aliyefinywa, yule alikuwa na huruma za kijinga. Na wewe unatukodolea macho, unangoja! Mama anajua, wala hatukatazi."

Chafya alikuwa anachambua sufi, anatoa mbegu. Vidole vyake havikusimama. "Nilikuwa na umri gani?"

"Nitakumbuka wapi mimi? Ulikuwa hujaanza shule. Ndiyo umeanza kuchambua mbegu. Vidole vyako vilikuwa vidogo, vinafaa."

"Mbona wewe hukuwa unachambua?"

"Mimi nilikuwa na kifua," dada akasema. "Mama aliogopa vumbi litaniua."

Sikia hiyo. Aliogopa vumbi! Kumbe alijua kuna vumbi. Alimtoa mmoja akamwingiza mwingine, kisha yule aliyeingizwa akipiga chafya wanafinyana wasimwambie afya. Na dada anayasema hayo anajipaka mafuta ya waridi, wala hana nia mbaya, hilo ndilo la kuudhi.

"Na mimi?" Chafya akauliza.

"Wewe ulikuwa mzima kama kigingi. Chafya tu." Na papo hapo sufi ikampanda dada, akapiga mbili zake, ndogo, za kubana.

"Afya!" ikatoka nyuma ya pazia.

"Asante, mama yangu!" Dada akamgeukia mdogo wake. "Hebu kunjua uso. Unajifanya yatima na mama yupo."

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wangemwuliza Chafya wiki ile, angewajibu vibaya.

Kesho yake mchana alichukua bakuli la uji akaingia kwa mama. Akamweka mto mgongoni, akamfunga kitambaa shingoni, kama kawaida. Kisha akatoa mfukoni donge dogo la sufi, akalisogeza puani. Msururu ukaja, akauacha uishe. Akachota uji, akainua kijiko, akakizuia hewani.

"Sema afya, mama."

Mama akafumbua mdomo apokee.

"Afya. Sema. Ni mazoezi, nesi ameagiza."

Mama akabaki kafumbua mdomo, anatazama kijiko. Chafya akakirudisha bakulini. "Hakuna afya, hakuna uji," akasema, na alisema kwa upole kabisa, kama anambembeleza mtoto.

Siku ya kwanza alimlisha baadaye, umeshapoa. Siku zilizofuata bakuli lilirudi nusu. Kisha likawa linarudi kama lilivyokwenda. Na tuseme ukweli, alisikia utamu. Yule mama aliyekuwa akimpiga kikumbo apite, aliyekuwa akimwita kwa kupiga fimbo ukutani, sasa anafuata kijiko kwa macho, kikienda huku macho huku, kikienda kule macho kule. Chafya alikuwa anakipeleka polepole makusudi. Usiku akilala anajiambia ni mazoezi. Asubuhi anasokota donge jipya la sufi.

Nesi alipokuja akamshika mama mkono, akaugeuza. "Mbona amepungua hivi? Anakula?"

"Anakataa, nesi. Nambembeleza weee, anakataa."

Mama akaguna. Akaguna tena kwa nguvu, mkono wake mzima unapigapiga godoro.

"Anasema nini?" nesi akauliza.

"Anataka kugeuzwa," Chafya akasema. Nesi akasaidia kumgeuza, uso ukaelekea ukutani.

Siku moja mama alijaribu. Njaa ni mwalimu mkali. Chafya alimaliza msururu wake, akainua kijiko, na mama badala ya kufumbua mdomo tu akaanza kuutafutia umbo. "A," akasema. "A... a..." Jasho likamtoka, chozi likashuka upande ule uliopinda. Chafya akainama mpaka pua zao zikakaribiana. Uji ukawa unadondokea shuka. "Ee, mama. Ee. Malizia. Malizia tu."

Kule karakana mteja akapiga chafya.

"Afya!" mama akasema, wazi kabisa. Kisha akamtazama Chafya na kufumbua mdomo, akidhani ameshatimiza.

Chafya akasimama. Akatoka na bakuli, akammwagia paka uji wote mlangoni, akamgeukia mteja kwa tabasamu. "Karibu, mama. Unataka mto wa kulalia au wa kuegemea?" Akauza mto. Alipobaki peke yake alikaa chini akajiogopa. Kesho yake akamlisha mama bakuli zima bila sharti, bila neno, na bila kumtazama.

Juma lile dada alipiga simu kusema Jumapili hatafika, ana mzigo wa dukani unaingia. Chafya alikuwa na mto magotini, sindano mkononi, akaiweka simu kwenye gunia, sauti ya juu. Dada akiwa anaeleza bei za marashi akapiga chafya, mbili, huko huko aliko.

"Afya!" mama akasema nyuma ya pazia.

"Hee, amenisikia! Asante, mama! Haya, Chafya, mpe uji wake, baadaye." Simu ikakatika.

Chafya alikaa na ile simu iliyozima. Kisha akaweka mto chini, akanyata mpaka kwenye pazia, akasimama upande wa huku. Akashika pua kwa vidole viwili ili msururu usimtoroke. Akapiga moja, ndogo, ya kubana. Akapiga nyingine.

"Afya!"

Akakaa pale pale sakafuni. Machozi yakamtoka bila sauti. Ndiyo hiyo! Ndilo neno lenyewe, la joto, la haraka, la kwake, limempitia kwenye pazia likamwingia. Mwanamke mzima na mvi zake mbili tatu, amekaa chini anajishika kifua.

"Asante, mama," akasema. Na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya dada, ile ya asali, ya mtu aliyekuja kutembea tu.

Kule ndani mkono mzima wa mama ukaanza kupapasa godoro, pa, pa, pa. Njoo ukae. Chafya huyo hakuwahi kupapasiwa. Yeye huguniwa. Akasimama, akajifuta, akalivuta pazia, akaingia.

Macho ya mama yakampita. Yakaenda mlangoni, yakarudi, yakampita tena, yakatafuta nyuma ya bega lake.

"Ni mimi, mama," Chafya akasema. "Ni mimi niliyepiga."

Mkono ukaacha kupapasa. Na sufi, kwa kuwa haina adabu, ikampanda pale pale, msururu wake halisi ukaja mzima mzima. Mama alingoja uishe, macho kwenye pazia, kama mtu anayengoja lori lipite avuke barabara.

Ungefikiri angekoma hapo. Hakukoma. Tangu siku hiyo kila mlo ulianzia nyuma ya pazia. Chafya anasimama na bakuli, anapiga mbili za dada, anapokea afya yake, anashukuru kwa sauti ya dada. Kisha anaingia kimya, anamlisha mama mpaka bakuli linang'aa, na mama anakula huku anachungulia nyuma ya bega lake mpaka kijiko cha mwisho. Mama akanenepa. Mashavu yakarudi. Nesi alipompima akampigia Chafya makofi mgongoni: "Unaona? Nilikuambia mazoezi. Mvumilivu hula mbivu." Chafya akasema ndiyo, nesi. Alikuwa anakula kweli, ila mbivu za mtu mwingine.

Na cha kuiba ukikizoea unakiona chako. Akipiga mbili asubuhi, mbili mchana, mbili jioni, "Afya!", "Asante, mama", ikawa inamtoka kama pumzi, hata akiwa anawaza bei ya kitambaa.

Jumapili moja dada akaja na furushi la sabuni na maneno mengi. Kwanza aliingia kwa mama, akamshika mashavu, akashangilia unene, akatoka, akakaa kwenye magunia kuvua viatu vinavyombana. Chafya alikuwa anaziba mdomo wa mto kwa sindano ndefu, kichwa chini, uzi mdomoni. Gunia likapumua sufi. Dada akapiga chafya, mbili.

"Afya!" mama akasema.

"Asante, mama," Chafya akaitikia. Na ile sauti.

Dada alikuwa kafumbua mdomo kusema yake, ukabaki wazi.

"Umesema nini?"

Chafya hakuinua kichwa. Masikio yalikuwa yanamchoma moto.

"Hiyo ilikuwa yangu," dada akasema. "Mimi ndiye niliyepiga. Na hiyo... Chafya, hiyo sauti si yangu hiyo?" Akamtazama mdogo wake, akatazama pazia, akatazama tena mdogo wake aliyejikunja juu ya mto, na taratibu akaelewa. Kitambo kidogo uso wake ukakunjamana kama wa mtu anayetaka kulia. Angelia, pengine mengi yangekwisha siku ile. Lakini kicheko kilimwahi. Kikamtoka puani kwanza, kisha kikamwangusha juu ya magunia, miguu juu, anajipiga mapaja.

"Mama yangu wee! Unaniibia afya! Unajificha huko unapiga chafya zangu! Ngoja, ngoja kaka asikie." Akampigia kaka, akaweka sauti ya juu, akamweleza huku anakatika pumzi, jinsi Chafya anavyoitikia, tena kwa madaha. Akaigiza. Kaka, na injini ya lori ikinguruma nyuma yake, akasema, "Acha uongo!" Kisha naye akacheka, kicheko kinene, kikajaa karakana nzima.

Ndipo wakasikia kitu kingine. Kilitoka nyuma ya pazia, kwanza kama kukohoa, kama mtu anayepaliwa. Dada akanyamaza, akakimbia, akalivuta pazia.

Mama alikuwa anacheka. Mabega yanaruka, upande mzima wa uso umepanda, upande uliopinda unajaribu kuufuata, machozi yanashuka. Tangu kiharusi hakuwa amecheka.

"Mungu wangu! Kaka, unamsikia? Mama anacheka! Mama anacheka!" Dada akarudi mbio, akamshika Chafya mkono, sindano na uzi vikaburutwa pamoja naye mpaka kando ya kitanda. "Simama hapa akuone. Mazoezi ndiyo haya! Nesi si amesema? Mimi napiga, yeye anasema afya, wewe unaitikia. Ile ile, kama ulivyofanya. Acheke tena."

"Dada, niache."

"Kwa ajili ya mama, Chafya. Unamnyima mama?"

Akasokota leso, akajitekenya, akapiga mbili.

"Afya!" mama akasema.

Kisha wote wawili wakamgeukia Chafya, na simu ya kaka ikanyamaza, inangoja. Mama naye alikuwa anamtazama. Macho hayakumpita, hayakwenda kwenye pazia. Yalitulia usoni kwake, yameng'aa, yanamsubiri aseme.